Kipimajoto katika viwanja vya ndege: kinachoona na kisichoona

Na Mwandishi Wetu, Mtumba – Dodoma

KILA unapotangazwa mlipuko wa ugonjwa wa kuambukiza, iwe hapa nchini au katika nchi jirani, picha ya kwanza inayowajia wananchi wengi ni ya Ofisa Afya aliyesimama katika lango la kuwasili abiria, kipimajoto kikiwa mkononi kimeelekezwa kwenye paji la uso wa msafiri. Picha hiyo huleta faraja. Huonesha kuwa mlango umewekewa mlinzi na Serikali iko kazini.

Faraja hiyo ina sehemu yake ya ukweli, lakini haipaswi kuchukuliwa bila kupimwa. Mwananchi anayefuatilia taarifa zinazotolewa na Wizara ya Afya kutoka Mji wa Serikali Mtumba ana haki ya kuuliza: je, kumpima abiria joto la mwili kunazuia kweli ugonjwa kuingia nchini? Na kama hakuzuii kwa ukamilifu, kwa nini kazi hiyo iendelee, na ni nini kingine kinachotakiwa kuwapo nyuma ya kipimajoto hicho?

Maswali haya si ya kinadharia. Nchi yetu ina jibu lililoandikwa katika kumbukumbu zake yenyewe.

Funzo la Machi 2020

Machi 15, 2020, abiria mmoja Mtanzania alitua katika Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Kilimanjaro (KIA) akitokea Ubelgiji. Kwa mujibu wa taarifa iliyotolewa siku iliyofuata na aliyekuwa Waziri wa Afya, Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wazee na Watoto, Ummy Mwalimu, msafiri huyo alifanyiwa ukaguzi kiwanjani hapo na kuonekana hana homa. Baadaye, akiwa hotelini, alianza kujisikia vibaya, akaenda katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru jijini Arusha. Sampuli yake ilipelekwa katika Maabara ya Taifa jijini Dar es Salaam, na majibu yakathibitisha kuwa alikuwa mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 kutambuliwa Tanzania.

Mambo mawili katika tukio hilo yanastahili kutazamwa pamoja. La kwanza ni kwamba kipimajoto hakikukosea. Kilisema ukweli wa saa ile, kwamba abiria hakuwa na homa. Maofisa waliokuwa zamu walifanya kazi yao ipasavyo, kifaa kilifanya kazi yake ipasavyo, na bado maambukizi yalivuka lango.

La pili ndilo lenye uzito zaidi. Aliyegundua ugonjwa huo alikuwa msafiri mwenyewe. Alipoona mwili wake umebadilika hakujificha chumbani wala hakunyamaza. Alikwenda hospitali, na huko akakuta watumishi waliokuwa tayari kumsikiliza, kumtenga na kuchukua sampuli. Ukaguzi wa kwanza ulifanywa na kifaa kiwanjani. Ukaguzi wa pili, ambao ndio uliozaa matunda, ulifanywa na uamuzi wa mtu mmoja na utayari wa hospitali moja ya mkoa.

Uchambuzi huu unasimama juu ya mambo hayo mawili.

Kifaa hupima nini

Kila mwili hutoa mionzi ya joto isiyoonekana kwa macho. Kipimajoto cha kuelekezwa kwenye paji la uso, pamoja na kamera za kupima joto zinazofungwa katika njia ya kupita abiria, husoma mionzi hiyo na kuibadilisha kuwa nyuzi za sentigredi. Abiria haguswi wala hachomwi sindano, na kazi humalizika ndani ya sekunde chache. Hiyo ndiyo sababu njia hii hupendwa mahali penye watu wengi.

Hata hivyo, kinachosomwa ni joto la ngozi, si joto la ndani ya mwili. Ngozi hubadilika haraka. Abiria aliyetembea juani kutoka ndege hadi jengo la kuwasilia, aliyebeba mtoto mgongoni na mzigo mkononi, anaweza kuonekana ana joto zaidi ya alilonalo. Aliyekaa saa nane ndani ya ndege yenye kiyoyozi kikali, au aliyenawa uso muda mfupi kabla ya kupimwa, anaweza kuonekana amepoa. Umbali kati ya kifaa na paji la uso, jasho, vipodozi na namna ofisa anavyokishika kifaa navyo hubadilisha usomaji.

Liko pia jambo ambalo hakuna kifaa kinachoweza kulishinda. Dawa za kawaida za kutuliza maumivu, zinazopatikana katika kila duka la dawa, hushusha homa kwa saa kadhaa. Msafiri anayeogopa kuzuiwa akimeza vidonge hivyo kabla ya kutua, atapita langoni akiwa na joto la kawaida na ugonjwa wake ndani.

Ugonjwa huwa na siku zake

Sababu kubwa zaidi iko katika tabia ya magonjwa yenyewe. Tangu vimelea vinapoingia mwilini hadi dalili ya kwanza kujitokeza, hupita kipindi ambacho mtu huwa ameambukizwa lakini anajisikia mzima kabisa. Kwa UVIKO-19 kipindi hicho hufikia siku 14. Kwa Ebola na Marburg ni kati ya siku 2 na 21. Safari ya ndege kutoka pembe moja ya dunia hadi nyingine haizidi siku moja au mbili. Kwa hiyo, mtu aliyeambukizwa jana anaweza kusafiri leo, akapimwa katika viwanja vitatu, akapita vyote, kisha akaugua wiki moja baadaye akiwa kijijini kwao.

Hapa pana tofauti muhimu ambayo taarifa nyingi huisahau. UVIKO-19 huambukiza hata kabla ya dalili kuonekana, na wapo wanaoambukiza bila kuugua kamwe. Ebola na Marburg haviambukizi kabla ya dalili kuanza. Mgonjwa huwa hatari kwa wengine anapokuwa ameanza kuugua, na hatari huongezeka kadiri hali yake inavyozidi kuwa mbaya. Kwa sababu hiyo, kumzuia mtu mwenye homa asipande ndege kuna mantiki kubwa zaidi katika Ebola na Marburg kuliko katika UVIKO-19. Kifaa kilekile huwa na thamani tofauti kwa ugonjwa tofauti.

Dunia imejifunza nini

Ushahidi wa nchi nyingine unaelekea upande mmoja. Wakati wa mlipuko wa SARS mwaka 2003, Kanada ilikagua wasafiri wanaokadiriwa kufikia milioni 6.5 katika viwanja vyake vya ndege. Takribani 9,100 kati yao walipelekwa kwa uchunguzi zaidi, na hakuna hata mmoja aliyekutwa na SARS. Australia ilikagua zaidi ya wasafiri milioni 1.8 katika kipindi hichohicho, nayo haikumpata mgonjwa aliyethibitika.

Miaka 17 baadaye hali ilijirudia. Marekani ilianza kukagua wasafiri wa UVIKO-19 Januari 17, 2020 na kusitisha utaratibu huo katikati ya Septemba mwaka huohuo. Katika muda huo wasafiri 766,044 walikaguliwa, na ni 9 tu waliothibitika kuwa na maambukizi kutokana na ukaguzi huo, sawa na mmoja kwa kila wasafiri 85,000. Ugonjwa wenyewe wakati huo ulikuwa umeenea katika majimbo yote. Watafiti waliofanya makadirio ya kihesabu mwanzoni mwa mwaka 2020 walikuwa wametabiri kwamba karibu nusu ya walioambukizwa, au hata zaidi, wangepita bila kutambuliwa, hata kama wangekaguliwa wanapoondoka na wanapowasili.

Mfano wa mwaka 2014, wakati wa mlipuko mkubwa wa Ebola Afrika Magharibi, una sura mbili. Agosti 8, 2014, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilizitaka nchi zilizoathirika kuwakagua wasafiri wote wanaoondoka kupitia viwanja vya ndege vya kimataifa, bandari na mipaka mikubwa ya nchi kavu, kwa kuwahoji, kuwapima joto na kutathmini wenye homa. Katika miezi miwili ya mwanzo wasafiri 36,000 walikaguliwa na 77 wakazuiwa kupanda ndege. Hakuna aliyethibitika kuwa na Ebola miongoni mwao. Wengi walikuwa na malaria.

Hata hivyo, Septemba 19, 2014, msafiri mmoja aliondoka Liberia akiwa na joto la kawaida. Siku chache baadaye aliugua akiwa Dallas nchini Marekani. Alipokwenda hospitali mara ya kwanza alirudishwa nyumbani, ingawa alikuwa ametokea Afrika Magharibi. Alipolazwa ilikuwa imechelewa. Alifariki dunia Oktoba 8, na wauguzi wawili waliomhudumia wakaambukizwa. Kipimajoto cha kiwanjani kisingeweza kuzuia hilo. Lililoweza kuzuia ni swali moja likiulizwa na kuzingatiwa katika meza ya mapokezi ya hospitali: umetoka wapi ndani ya siku 21 zilizopita?

Hesabu ya wachache ndani ya wengi

Kwa nini matokeo huwa madogo kiasi hicho? Tuchukue mfano wa hesabu tu. Tuseme abiria 100,000 wanawasili nchini, na kati yao 10 wameambukizwa. Tuseme 5 kati ya hao 10 wana homa siku hiyo na kifaa kinawanasa wote. Tuseme pia abiria 1 kati ya kila 100 ana joto kwa sababu nyingine: mafua, malaria, uchovu, jua, au kosa la usomaji. Hao ni karibu 1,000.

Ofisa Afya atakuwa na watu takribani 1,005 wa kuwatenga kando. Miongoni mwao, 5 ndio anaowatafuta. Wengine 1,000 watachelewa, wataingiwa na hofu, watatumia vyumba, vipimo na muda wa wataalamu. Na 5 walioambukizwa lakini hawana homa watakuwa wamekwisha kuondoka na mizigo yao.

Katika nchi kama yetu hesabu hiyo ina uzito wa ziada, kwa sababu homa si ngeni kwetu. Malaria ingali ipo, licha ya mafanikio ya kupunguza maambukizi yake, na Mkoa wa Kagera, uliokumbwa na Marburg, ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi. Julai 2022, homa isiyoeleweka ilipojitokeza wilayani Ruangwa mkoani Lindi, hofu ilitanda kwamba huenda ni Ebola au Marburg. Uchunguzi wa maabara ulibaini kuwa ni homa ya mgunda, ugonjwa wa bakteria unaoenezwa na wanyama. Wagonjwa walikuwa 20 na waliofariki dunia 3. Homa ilikuwa ni swali. Jibu lilitoka maabara.

Kagera: ugonjwa uligunduliwa wapi?

Tanzania imekwisha kukabiliana na Marburg mara mbili, na mara zote mbili imeudhibiti ugonjwa huo ndani ya Mkoa wa Kagera bila kuruhusu usambae nchini. Ni vyema kujiuliza mafanikio hayo yalipatikana kwa njia gani.

Machi 16, 2023, Serikali iliutaarifu umma kuhusu ugonjwa usiojulikana katika kata za Maruku na Kanyangereko, Bukoba Vijijini. Siku tano baadaye, Machi 21, vipimo vya Maabara ya Taifa ya Afya ya Jamii vilithibitisha kuwa ni Marburg. Mgonjwa wa kwanza alikuwa amesafiri kutoka Kisiwa cha Goziba katika Ziwa Viktoria. Hakuna ndege iliyohusika katika safari hiyo. Hadi mlipuko ulipotangazwa kumalizika Juni 2, 2023, wagonjwa walikuwa 9, wakiwamo wahudumu wa afya, na waliofariki dunia 6. Watu 212 waliotangamana na wagonjwa walitafutwa na kufuatiliwa hadi siku zao 21 zikatimia.

Mara ya pili, Januari 20, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa na Mkurugenzi Mkuu wa WHO, Dkt. Tedros Adhanom Ghebreyesus, alitangaza jijini Dodoma kuwa mgonjwa mmoja amethibitika mkoani Kagera. Vipimo vilianzia katika maabara inayohamishika ya Kabaile mkoani humo, kisha vikathibitishwa Dar es Salaam. Wahisiwa wengine 25 walikuwa wamepimwa na kukutwa hawana maambukizi. Mlipuko huo, uliokuwa na kitovu chake wilayani Biharamulo, ulitangazwa kumalizika Machi 13, 2025. Wagonjwa 2 walithibitika na wengine 8 walihesabiwa kuwa wahisiwa wenye uwezekano mkubwa. Wote 10 walifariki dunia. Watu 281 waliotangamana nao walifuatiliwa.

Idadi hiyo ya vifo haipaswi kupita bila kutafakariwa. Watu kumi waliugua na wote wakapoteza maisha. Hii ina maana kwamba ugonjwa ulikuwa umetembea ndani ya familia na vituo vya tiba kabla ya kutambuliwa. Kila siku iliyookolewa katika kuutambua ingeweza kuwa uhai wa mtu. Siku hizo huokolewa na jirani anayetoa taarifa, mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayepita nyumba kwa nyumba, mganga wa zahanati anayeshuku anapoona dalili zisizo za kawaida, na maabara iliyo karibu. Vipimajoto vya viwanja vya ndege, vyenye kazi yake mahali pengine, havikuwa na nafasi ya kuziokoa.

Hata Mkoa wa Dodoma una kumbukumbu yake. Mlipuko wa Homa ya Bonde la Ufa wa mwaka 2007 uliuathiri mkoa huu kuliko mingine nchini. Ugonjwa huo ulikuja na mvua nyingi, mbu na mifugo. Haukushuka kutoka katika ndege.

Milango mingi, ndege ni mmoja

Jiografia yetu nayo inatoa hoja. Tanzania inapakana na nchi nane kwa nchi kavu na majini. Mutukula, Rusumo, Kabanga, Sirari, Namanga, Holili, Horohoro, Tunduma na Kasumulu hupitisha kila siku madereva wa malori, wafanyabiashara, wanafunzi na ndugu wanaotembeleana. Zipo pia bandari za Ziwa Viktoria na Ziwa Tanganyika, mialo ya wavuvi, na njia za miguu zisizo na lango wala ofisa. Septemba 2022 Uganda ilipotangaza Ebola iliyoanzia Mubende, na Septemba 2024 Rwanda ilipotangaza Marburg iliyoathiri watu 66, wengi wao wahudumu wa afya, na kuua 15, hatari kwa Kagera ilikuwa barabarani na ziwani zaidi kuliko angani.

Umbali wa ndani ya nchi nao umefupika. Tangu treni ya reli ya kisasa ya SGR ilipoanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, abiria anayetua asubuhi katika Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Julius Nyerere anaweza kuwa Dodoma mchana huohuo, kwa safari ya chini ya saa nne. Kiwanja cha kimataifa cha Msalato, kinachojengwa nje kidogo ya jiji, kitaifanya Makao Makuu kuwa lango la kimataifa lenyewe. Kwa mkazi wa Mtumba, Ihumwa au Chamwino, hilo ni jambo la kujivunia. Ni sababu pia ya kuhakikisha kuwa hospitali na vituo vya afya vya Dodoma vimejiandaa kama vile vya mipakani.

Basi vipimajoto viondolewe?

La. Hitimisho hilo lingekuwa la haraka na lisilo sahihi. Kipimajoto kina manufaa manne yanayofaa kuelezwa wazi.

Kwanza, katika eneo lenye mlipuko, kukagua wanaoondoka ni wajibu kwa majirani na kwa dunia. Mtu mwenye homa akizuiwa kusafiri, watakaokaa naye ndani ya basi au ndege hulindwa, na yeye mwenyewe hupata tiba mapema. Ukaguzi wa wanaoondoka huhitaji maofisa wachache katika vituo vichache, na huwalenga watu walio karibu zaidi na hatari.

Pili, kuwapo kwa ukaguzi humfanya mgonjwa afikiri kabla ya kusafiri. Faida hii haionekani katika takwimu, kwa kuwa anayeahirisha safari hahesabiwi langoni.

Tatu, na pengine ndiyo faida kubwa kuliko zote, kituo cha ukaguzi ni mahali ambapo mtumishi wa afya na msafiri hukutana ana kwa ana. Hapo msafiri anaweza kuulizwa alikotoka, kama aliuguza mtu au kuhudhuria maziko, na atakakofikia. Anaweza kuacha namba ya simu ili afuatwe likitokea jambo. Anaweza kupewa maelezo ya dalili za kuangalia na namba ya kupiga. Kipimajoto husema abiria yukoje leo. Maelezo hayo humlinda kwa wiki tatu zijazo.

Nne, nchi inayoonesha kuwa inakagua na inatoa taarifa kwa uwazi huaminiwa na wengine. Utalii na biashara hutegemea imani hiyo. WHO haikupendekeza zuio lolote la kusafiri au kufanya biashara na Tanzania katika milipuko yote miwili ya Marburg.

Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, zilizoanza kutumika Juni 2007 na ambazo Tanzania inazitekeleza, zinaruhusu nchi kumhoji msafiri kuhusu safari yake na kumfanyia uchunguzi usioingilia mwili. Kanuni hizohizo zinaitaka nchi imtendee kwa heshima na kulinda utu wake. Abiria mwenye joto si mhalifu, na kwa kawaida ana malaria au mafua. Akidhalilishwa mbele ya wenzake, yeye na waliomwona watajifunza jambo moja tu, nalo ni kuficha homa safari ijayo. Hapo lango litakuwa limezaa hatari badala ya kuizuia.

Fedha na nguvu zielekezwe wapi

Hoja ya msingi, basi, ni uwiano. Hatari ya kipimajoto huanza pale kinapotufanya tuamini kuwa kazi imekwisha. Kamera ya kisasa langoni haina maana ikiwa zahanati ya kijijini haina glavu, ikiwa sampuli inachukua siku nyingi kufika maabara, au ikiwa muuguzi wa zamu hajui nani wa kumpigia simu usiku wa manane. Maabara inayohamishika ya Kabaile imeonesha thamani ya kuusogeza uchunguzi karibu na mgonjwa. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wameonesha thamani ya kumjua kila mtu kwa jina.

Upimaji joto unafaa kuwa wa muda na wa kulenga: uimarishwe panapokuwa na mlipuko unaofahamika, kwa wasafiri wanaotoka au kuelekea eneo husika, na ulegezwe hatari inapopungua, ili maofisa warudi katika kazi nyingine za ufuatiliaji. Marekani, yenye uwezo mkubwa wa kifedha, ilisitisha ukaguzi wake wa UVIKO-19 mwaka 2020 ilipoona nguvu hizo zingefaa zaidi mahali pengine. Hakuna aibu katika kuhamisha rasilimali kutoka kinacholeta matokeo madogo kwenda kinacholeta makubwa.

Wajibu wa mwananchi

Ukitoka nje ya nchi au eneo lenye mlipuko, jibu maswali ya Ofisa Afya kwa ukweli, hasa kuhusu ulikopita na uliyekutana naye. Usimeze dawa ya kushusha homa ili upite langoni. Utakuwa umeliepuka swali la dakika moja na kuwaweka nyumbani kwako katika hatari ya wiki tatu. Kupita salama katika kipimajoto si cheti cha afya. Hesabu siku 21 tangu ulipoondoka katika eneo la mlipuko wa Ebola au Marburg, na jichunguze kila siku.

Ukipata homa, maumivu ya kichwa na misuli, kutapika, kuharisha au kutokwa damu, usisubiri na usianze kutafuta dawa mtaani. Piga namba 199 ya Wizara ya Afya bila malipo, au nenda kituo cha kutolea huduma za afya na useme mapema kuwa ulisafiri. Kwa wahudumu wa afya, swali la safari liwe la kwanza kwa kila mwenye homa, kabla hata ya kuandika dawa ya malaria. Kwa ndugu na majirani, anayejitokeza apokewe kwa huruma. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini jamii inayomnyanyapaa mgonjwa ndiyo inayomfundisha kuficha.

Msafiri aliyetua KIA Machi 2020 alipita langoni akiwa na joto la kawaida. Yeye mwenyewe ndiye aliyegundua hali yake, na nchi ikapata taarifa ya mapema kwa sababu alikwenda hospitali na hospitali ikampokea. Kipimajoto kiendelee kukaa langoni pale kinapohitajika. Lakini lango la mwisho, lililo pana kuliko yote, liko katika ukweli wa msafiri na utayari wa zahanati iliyo karibu naye.